Kwa Nini Spika za Mtumba Husikika Vibaya, na Namna ya Kuzirekebisha kwa Gharama Ndogo

Mtu anayezunguka maduka ya vifaa vilivyotumika jijini Mwanza hakosi kuzikuta spika za zamani za jozi, makasha mazito ya mbao yenye kitambaa cheusi mbele, yaliyoshuka na makontena kutoka Japani au Ulaya pamoja na friji na televisheni. Zimerundikwa sakafuni, huku sabufa mpya zenye taa za rangi zikipangwa juu ya rafu. Mara nyingi bei ya jozi hiyo ni ndogo kuliko ya sabufa, na sababu hujulikana pale muuzaji anapoziunganisha: besi haisikiki, sauti ya mwimbaji imefifia, au upande mmoja unakwaruza kila muziki unapopanda. Mnunuzi anaamua kwamba zimezeeka na kuondoka na sabufa.

Uamuzi huo kwa kawaida huchanganya uchakavu wa spika yenyewe na kasoro ambazo hazimo ndani yake kabisa, kama vile amplifaya dhaifu, nyaya zilizopinduliwa na chumba kinachorudisha mwangwi. Spika ni mashine sahili. Muundo wake haujabadilika kimsingi tangu Chester Rice na Edward Kellogg wa General Electric walipoueleza mwaka 1925: koili ya waya mwembamba inaning'inia ndani ya ufa wa sumaku, mkondo wa umeme unaisukuma mbele na nyuma, na karatasi iliyogundishwa kwenye koili hiyo inaisukuma hewa. Sumaku haichoki kwa matumizi ya nyumbani, kasha la mbao hudumu likikingwa na maji, na karatasi nzuri huishi kuliko mwenyewe. Vinavyochakaa ni vichache na vinajulikana. Dawa ambayo wengi huikimbilia, yaani kununua amplifaya yenye wati nyingi zaidi, haitibu hata kimoja kati ya hivyo.

Zaidi ya hapo, spika ya zamani ina kitu ambacho sabufa ndogo haiwezi kukinunua kwa taa, nacho ni ukubwa. Ili kutoa noti nzito lazima hewa nyingi isogezwe, na karatasi ya inchi 8 au 10 ndani ya kasha la lita 40 huisogeza bila kutumia nguvu nyingi. Sabufa yenye kipaza cha inchi 5 ndani ya kasha jepesi huficha udogo wake kwa kuvimbisha kipande kimoja tu cha besi, ndiyo maana kila wimbo unaopigwa humo hunguruma kwa namna ileile.

Ukingo wa sponji

Katika spika nyingi zilizotengenezwa kati ya miaka ya 1970 na 1990, karatasi ya wufa, yaani kipaza kikubwa cha sauti nzito, imeshikwa kwenye fremu yake kwa ukingo wa sponji laini. Sponji hiyo ni poliyurethani, ambayo unyevu wa hewa, joto na mwanga wa jua huivunjavunja polepole hata kama spika haichezwi. Baada ya miaka kumi na kitu au ishirini huanza kunata, kisha hugeuka ungaunga, na kidole kikiigusa kinatokea upande wa pili. Kando ya Ziwa Viktoria, ambako hewa ina unyevu sehemu kubwa ya mwaka na bidhaa za dukani hutolewa barazani juani kila asubuhi, uozo huo hauna sababu ya kuchelewa. Ukingo wa mpira au wa kitambaa kilichopakwa dawa hustahimili kwa muda mrefu zaidi, na mnunuzi asiye na fundi wa kumtegemea ni afadhali atafute spika za aina hiyo kwanza.

Ukingo ukishapasuka, mambo mawili hutokea kwa pamoja. Hewa inayosukumwa mbele ya karatasi inapenya kurudi nyuma na kujifuta yenyewe, hivyo besi inatoweka. Pia karatasi inapoteza mhimili wake, koili inaanza kusugua kuta za ufa wa sumaku, na huo ndio mkwaruzo unaosikika dukani. Spika yenye hali hii haijafa. Kwa kweli ndiyo ununuzi mzuri kuliko wote, kwa sababu muuzaji anaiuza kama takataka ilhali kilichoharibika ni sehemu yake rahisi kubadilisha, mradi koili haijasuguliwa hadi ikakatika.

Kujua kama koili ingali hai hakuhitaji maabara. Vua kitambaa cha mbele, kisha isukume karatasi ya wufa ndani taratibu kwa vidole vinne vilivyotawanywa sawasawa kuizunguka kofia ya katikati. Inapaswa kwenda na kurudi kimya. Usijaribu hivyo kwenye twita, kile kipaza kidogo cha sauti nyembamba, kwa kuwa kuba lake ni jembamba na likibonyea mara nyingi halirudi. Kisha pima ukinzani wa umeme, ambao huhesabiwa kwa omu, kwa multimita ya fundi kwenye kipaza chenyewe. Wufa ya omu 8 huonyesha kati ya omu 5.5 na 7, na ya omu 4 huonyesha kama 3 hadi 3.5. Hapo muuzaji hajakudanganya. Namba iliyoandikwa nyuma ya spika ni ukinzani wake dhidi ya umeme wa muziki, ambao hupanda na kushuka kufuatana na masafa, yaani idadi ya mitetemo ya sauti kwa sekunde, wakati multimita hupima kwa betri yake ukinzani wa waya peke yake. Mita isipoonyesha chochote, koili imekatika, na hapo bei lazima ishuke sana au uondoke. Kama huna mita, betri ya kawaida ya volti 1.5 inatosha: gusisha nyaya mbili kwa sekunde moja, na karatasi iliyo hai itaruka kidogo na kutoa mlio mfupi.

Mafundi redio wa Mwanza wana ustadi wa kurudisha uhai karibu kila kitu, lakini katika ukingo wa spika kuna mazoea yao yanayostahili kupingwa. Fundi asiye na sponji ya kipimo hicho hukata tyubu ya baiskeli, au kitambaa kigumu cha kushonea makochi, akakigundisha kwa gundi ya viatu. Spika inaacha kukwaruza, mteja anashukuru, na besi hairudi tena. Wufa ina masafa yake ya asili, yanayotokana na uzito wa karatasi na ugumu wa vinavyoishika. Chini ya masafa hayo sauti hushuka kwa kasi. Ugumu wote ukiongezeka mara nne, masafa hayo hupanda mara mbili, hivyo wufa iliyoundwa kuanza kazi kwenye hezi 35 (mitetemo 35 kwa sekunde) sasa inaanzia 70, na gitaa la besi la wimbo wa dansi linabaki kusikika kwa mbali. Kasha lenyewe lilipimwa kwa ajili ya ulaini ule wa mwanzo. Mahesabu yanayounganisha wufa na kasha lake yaliwekwa sawa na Neville Thiele wa Australia mwaka 1961, na baadaye Richard Small akayaendeleza katika miaka ya 1970, hivyo spika za enzi hizo za mwisho hazikukadiriwa kwa macho.

Njia sahihi ni kununua pete za sponji zilizotengenezwa kwa kazi hiyo, ambazo huagizwa mtandaoni kutoka China kwa jozi na kwa gharama ndogo ukilinganisha na spika mpya. Kinachokosewa zaidi ni vipimo. Inchi zilizotajwa na muuzaji hazitoshi. Pima kipenyo cha karatasi pale sponji inapogusana nayo, kipenyo cha ndani ya fremu, na upana wa mkunjo wenyewe. Mabaki ya sponji ya zamani na gundi yake yasuguliwe yaishe kabisa. Gundi mpya iwe ya kukauka polepole na kubaki laini. Gundi zinazoshika papo hapo hazikupi nafasi ya kurekebisha. Anza kwa kuigundisha pete kwenye karatasi, iache ikauke, ndipo uigundishe kwenye fremu. Gundi ya fremu ikiwa bado mbichi, cheza sauti nzito ya hezi 30 kutoka kwenye simu kwa kiwango cha chini sana, kisha isogeze karatasi kidogo kidogo hadi msuguano wote upotee, uiache hapo mpaka kesho yake. Kazi hii humtaka mtu mvumilivu kuliko fundi hodari, na nimeona watu wasiowahi kushika pasi ya kulehemia wakiifanya vizuri.

Wakati wufa ziko nje, inafaa kuzirudisha zikiwa zimegeuzwa juu chini. Karatasi nzito iliyosimama wima miaka thelathini huwa imelegea kuelekea ardhini, na kuigeuza nusu mzunguko huifanya ianze kulegea upande wa pili. Usisahau pia kuchungulia ndani ya kasha, hasa lenye tundu la hewa, kwa kuwa mende na mijusi hulipenda.

Twita iliyonyamaza na kapasita iliyokauka

Ndani ya kasha, nyuma ya vipaza, kuna kibao kidogo kinachoitwa krosova, chenye kazi ya kuipelekea wufa sauti nzito na twita sauti nyembamba. Katika spika za bei nafuu krosova nzima huwa ni kapasita moja tu iliyounganishwa kwa mfululizo na twita. Kapasita huzuia masafa ya chini na kupitisha ya juu, na mpaka wake hutegemea thamani: kapasita ya maikrofaradi 4.7 pamoja na twita ya omu 8 huanza kupitisha kwenye takriban hezi 4,200. Kapasita nyingi za zamani zina kimiminika ndani ambacho hukauka kadiri miaka inavyokwenda, thamani yake ikabadilika na ukinzani wake wa ndani ukapanda. Twita hapo haifi, bali hufifia, na ni kufifia huko kunakomfanya msikilizaji aseme kwamba spika imezibwa.

Kubadilisha kapasita ni kazi ndogo, na ndiyo ninayoipendekeza kwa spika yoyote iliyozidi miaka 25, ila kwa sharti moja. Kapasita za kawaida zinazojaa kwenye meza za mafundi zina upande wa chanya na upande wa hasi, na zimetengenezwa kwa ajili ya umeme wa upande mmoja, wakati umeme wa muziki hubadilika upande maelfu ya mara kwa sekunde. Kinachotakiwa ni kapasita isiyo na upande, ambayo huandikwa NP au BP. Isipopatikana, mbili za kawaida zenye thamani sawa zikiunganishwa hasi kwa hasi hufanya kazi hiyo, lakini thamani inakuwa nusu, hivyo mbili za maikrofaradi 10 hutoa 5. Kapasita za plastiki ni bora na hazikauki, ingawa twita inaweza kung'aa zaidi ya ilivyokusudiwa. Hali hiyo hutulizwa kwa rezista, kifaa kidogo cha kupunguza mkondo, ya omu 1 yenye wati za kutosha, ikiunganishwa kwa mfululizo na kapasita hiyo.

Spika za miaka ya 1970 zilizo na vitufe vya kuzungusha mbele, vya kupunguza au kuongeza twita, mara nyingi husikika zimekufa upande mmoja kwa sababu ya kutu ndani ya vitufe hivyo. Vizungushe mara nyingi kutoka mwisho hadi mwisho kabla ya kumwita fundi.

Wati zilizoandikwa na wati zinazosikika

Hapa ndipo pesa nyingi za wasikilizaji hupotea. Katika matangazo ya redio ndogo za zamani na sabufa za sasa utakuta wati 1,000 au 3,000 PMPO, namba isiyo na kipimo kinachokubalika popote, ambayo kila mtengenezaji huikokotoa apendavyo. Namba yenye maana ni RMS, yaani nguvu ambayo amplifaya huweza kuitoa mfululizo. Hata hiyo, hata hivyo, haisemi sauti itakuwa kubwa kiasi gani kabla hujajua wepesi wa spika, unaopimwa kwa desibeli, kipimo cha ukubwa wa sauti, kwa wati moja umbali wa mita moja.

Spika yenye wepesi wa desibeli 90 hutoa desibeli 90 kwa wati moja tu, kiwango ambacho sebuleni kinawalazimisha watu kupandisha sauti ili wasikilizane. Kuongeza desibeli 3 kunahitaji nguvu mara mbili, na kuongeza desibeli 10, ambazo sikio huzihisi kama sauti iliyokuzwa takriban mara mbili, kunahitaji nguvu mara kumi. Kwa hiyo mtu anayeacha amplifaya ya wati 50 na kununua ya wati 100 amejiongezea desibeli 3, tofauti ambayo mkewe huenda asiitambue. Lakini akichagua spika ya zamani yenye desibeli 90 badala ya kijispika cha kisasa chenye 84, amepata desibeli 6, sawa na kuzidisha amplifaya yake mara nne, na hajalipa chochote cha ziada. Wingi wa spika za zamani ziliundwa wakati ambapo amplifaya zilikuwa ghali na dhaifu, hivyo zikafanywa ziwe nyepesi kusukumwa.

Hii ndiyo sababu vibao vidogo vya amplifaya kutoka China, kwa mfano vile vyenye chipu ya TPA3116 ya Texas Instruments, vinatosha kabisa kwa jozi moja ya spika za nyumbani. Jambo la kuangalia ni umeme unaovilisha. Nguvu ya juu inayoweza kufika kwenye spika huzuiwa na volti: ukilisha kibao hicho kwa volti 12 na spika ni ya omu 8, hakuna hila itakayopata zaidi ya wati 9 kwa upande, hata kama kifurushi kimeandikwa 50. Kwa chaja ya kompyuta mpakato ya volti 19 unafika kama wati 22, na kwa volti 24 unakaribia 36. Anayetumia betri ya sola, kama ilivyo katika kambi nyingi za uvuvi visiwani, anabaki na zile wati 9, ambazo kwa spika nyepesi si haba hata kidogo. Kwake wepesi wa spika una thamani kuliko kwa mtu aliye mjini.

Amplifaya ya zamani ya Kijapani ni chaguo zuri pia, lakini igeuze nyuma usome kabla ya kuichomeka. Vifaa vilivyouzwa ndani ya Japani vilitengenezwa kwa volti 100, na umeme wa TANESCO ni volti 230. Bila transfoma ya kushushia, maisha yake ni sekunde chache. Spika zenyewe hazina tatizo hilo, kwa kuwa spika ya kawaida haichomekwi ukutani.

Nimesema kwamba wati nyingi hazitibu uchakavu. Wati chache nazo huua twita, na wengi hawaamini. Amplifaya ndogo ikifunguliwa hadi mwisho huishiwa volti, na vilele vya mawimbi ya muziki vinakatwa vikawa bapa. Wimbi lililokatwa namna hiyo huzaa masafa mengi ya juu ambayo hayakuwemo kwenye wimbo, nayo krosova inayapeleka yote kwa twita, ambayo koili yake ni nyembamba kama unywele. Twita inaungua kwa joto, mwenye spika anailaumu spika, na sherehe inaendelea kwa wufa peke yake. Ukisikia sauti imeanza kuwa kali na yenye kukwaruza, punguza, hata kama kitufe hakijafika mwisho.

Kuna kosa jingine linalofanywa sana hapa mjini. Mtu aliye na sabufa huziunganisha spika kubwa za mtumba kwenye matundu ya vile vispika vidogo vilivyokuja na sabufa hiyo, halafu analalamika kwamba hazina besi. Katika sabufa nyingi, matundu hayo yamekatiwa besi kwa makusudi, kwa sababu vispika vidogo vingepasuka. Spika kubwa haiwezi kutoa kisichofika kwake. Vivyo hivyo, baadhi ya spika za seti ndogo za Kijapani zina nyaya mbili tofauti, za wufa na za twita, kwa kuwa mgawanyo ulifanywa ndani ya redio yake. Ukizikuta peke yake bila redio hiyo, itabidi uziwekee kapasita ya twita wewe mwenyewe.

Kuhusu nyaya, maneno ni machache. Waya laini wa shaba wa milimita 2.5 za mraba, ule wa kawaida wa mafundi umeme, una ukinzani wa takriban omu 0.07 kwa spika iliyo umbali wa mita 5, kwenda na kurudi, na hakuna sikio litakaloitambua tofauti kati yake na waya wa bei kubwa. Epuka tu nyaya nyembamba za simu, na zile za alumini iliyofunikwa kwa shaba, ambazo ukizikwaruza kwa kisu huonyesha weupe ndani.

Upande wa nyaya ndio wenye uzito zaidi. Alan Blumlein, mhandisi wa EMI nchini Uingereza aliyeomba hataza ya sauti ya stereo Desemba 1931, alitegemea spika mbili zisogee mbele kwa wakati mmoja ili msikilizaji ahisi mwimbaji yuko katikati. Nyaya za upande mmoja zikipinduliwa, karatasi moja inasukuma wakati nyingine inavuta, besi zinafutana, na mwimbaji hajulikani alipo. Kwa spika zilizopita mikononi mwa mafundi kadhaa, rangi za matundu ya nyuma haziaminiki. Tumia ile betri ya volti 1.5: chanya ya betri ikigusa chanya ya spika, karatasi ya wufa inapaswa kutoka nje. Kisha cheza sauti ya mtu mmoja anayezungumza, kwa mfano mtangazaji wa Radio Free Africa, ukiwa umekaa katikati. Sauti yake ikitokea hewani kati ya spika mbili, nyaya ziko sawa.

Chumba

Spika ikishatengenezwa na kuunganishwa vizuri, kilichobaki ni chumba, nacho kwa maoni yangu ndicho kinachoharibu muziki Mwanza kuliko vyote vilivyotangulia. Nyumba nyingi, kuanzia zilizopandana juu ya mawe ya Mabatini na Igogo hadi zile mpya za Buswelu, zina kuta za tofali za saruji zilizopigwa plasta, sakafu ya saruji au vigae, na madirisha mapana ya vioo. Kila kimoja kati ya hivyo hurudisha sauti karibu yote. Piga kofi moja katikati ya sebule: ukisikia mtetemo mfupi unaofuata kofi hilo, basi kila neno la mwimbaji nalo linafuatwa na mtetemo huohuo, na hakuna spika duniani inayoweza kuuondoa.

Vinavyosaidia mara nyingi vimo ndani ya nyumba tayari. Zulia sakafuni kati ya spika na msikilizaji, makochi ya kitambaa, pazia zito lenye mikunjo lililoachwa umbali wa shubiri moja kutoka ukutani, na kabati la vitabu au nguo ukutani upande wa nyuma, hutuliza sauti za kati na za juu kwa kiasi kinachosikika mara moja. Kanga iliyotundikwa ukutani haifanyi karibu chochote, na trei za mayai zinazopendwa kwenye vyumba vya kurekodia vya mitaani hazifanyi zaidi ya kutawanya kidogo sauti nyembamba. Besi haisikii vitambaa kabisa: wimbi la hezi 100 lina urefu wa karibu mita 3.5, na kitu cha kulizuia lazima kiwe kinene kwa kulinganisha nalo. Godoro nene lililosimamishwa kwenye kona hufanya kazi fulani, kama kuna mwenye nyumba atakayelivumilia hapo.

Ndani ya kasha la spika kwenyewe, kinyume chake, kitu laini kina nafasi yake. Kasha lililozibwa pande zote likijazwa pamba kwa wepesi, bila kushindiliwa, hutenda kana kwamba limekua kidogo, na mlio wa ubao hupungua. Tuko Usukumani, pamba si tatizo, lakini pamba ghafi hukaribisha wadudu na kushika unyevu, kwa hiyo ile ya kutengenezea mito ni bora. Katika kasha lenye tundu la hewa, iweke kwenye kuta tu na uiache njia ya tundu wazi.

Mahali pa kuziweka hapagharimu kitu. Spika mbili na kichwa cha msikilizaji viunde pembetatu yenye pande zinazolingana, tuseme mita 2 kila upande, twita zikiwa usawa wa masikio, juu ya stuli nzito au tofali zilizopangwa badala ya kabati la televisheni linalotetemeka. Umbali kutoka ukuta wa nyuma ndicho kitufe chako cha besi: kadiri spika inavyokaribia ukuta besi huongezeka, na kwenye kona huongezeka zaidi hadi kuvimba. Spika ndogo yenye besi hafifu isogezwe ukutani; kubwa inayonguruma ivutwe mbele nusu mita au zaidi.

Vyumba vidogo vya mraba ndivyo vigumu zaidi. Kati ya kuta mbili zinazotazamana, sauti ambayo nusu ya urefu wa wimbi lake inalingana na umbali wa kuta hizo hujikusanya na kuvimba. Katika chumba cha kupanga cha mita 3 kwa 3, sauti hiyo ni takriban hezi 58, karibu kabisa na noti ya waya wa tatu wa gitaa la besi, ambayo ni hezi 55, na kwa kuwa urefu na upana vinalingana, uvimbe unatokea mara mbili kwenye noti ileile. Ndiyo maana noti moja ya besi hupiga kifuani na inayofuata haisikiki. Aliyekaa ameegemea ukuta husikia uvimbe huo kwa ukali wote. Akisogeza kiti mbele hadi karibu theluthi moja ya urefu wa chumba, sehemu kubwa inapungua.

Kilichosalia kinaweza kushughulikiwa na simu. Programu za kurekebisha sauti zinazopatikana bure huruhusu kuchagua masafa mahususi na kuyashusha. Cheza sauti za hezi 30 hadi 120 moja baada ya nyingine kwa kiwango kilekile ukiwa kwenye kiti chako, andika ile inayovimba, kisha ishushe kwa desibeli 4 hadi 6 katika eneo jembamba. Usifanye kinyume chake kwa zile zisizosikika. Kupandisha desibeli 6 kunaidai amplifaya nguvu mara nne na kumrusha wufa mbele kupita ukingo wake mpya unavyoruhusu, na bado noti hiyo haitajitokeza, kwa kuwa pale ulipokaa mawimbi yanafutana. Kwa noti hizo utasogeza kiti tena, au spika, kwa sentimita kumi kumi, ukirudia vipimo.